Neno la Jikoni

Hebu niambie, barua ambayo haikuandikwa kwenye karatasi, siku ya kuhama unaibeba kwa kitu gani? Godoro unalikunja na kulifunga kamba. Sufuria unazipanga moja ndani ya nyingine, kubwa ikimeza ndogo. Kuku unawafunga miguu. Bonifasia alikuwa amekwisha kuyafanya yote hayo, amebakiza kupepeta maharage ya mbegu, siku Domisiana alipokuja kumwambia kwamba kuna mzigo wamesahau kuufunga, tena hauko nyumbani, uko ofisini.

Ulikuwa mwaka ule wa kufunga kambi ya wakimbizi ya Lukole. Kila asubuhi malori ya kuwarudisha Warundi yalipita Ngara mjini yakielekea mpakani Kobero, watu wamekaa juu ya mabati yao na mbuzi wao, wengine wameng'oa hata milango ya nyumba zao na kuibeba. Mashirika nayo yalikuwa yanafunga, moja leo, jingine wiki ijayo. Shirika la maji alilofanyia kazi Celestini, mume wa Bonifasia, lilikuwa limekwisha kung'oa pampu alizokuwa akizitengeneza. Nyumba waliyopanga karibu na ofisi ililipiwa na shirika, kwa hiyo shirika likifunga, na wao wanarudi kwao Murusagamba kwenye migomba yao.

"Hodi jikoni."

"Karibu, Dada Domi. Ruka ungo huo, ni mbegu."

Domisiana alikuwa sekretari wa ofisi, mwanamke wa Biharamulo, mnene, mwenye sauti ya kusomea watu. Aliruka ungo akaketi juu ya kinu.

"Shikamoo, Mama Priva."

"Marahaba. Una habari gani mpaka unatoka ofisini saa za kazi?"

"Kazi gani tena, Mama? Tunafunga maboksi tu. Nimekuja kwa ajili ya barua za Niyonsaba. Ijumaa jioni anwani zetu zote zinafungwa. Zikifungwa, basi."

"Basi vipi? Si zimo kwenye ile mashine yako?"

"Hazimo. Mashine ni dirisha tu. Barua zenyewe ziko mbali huko, makao makuu, sisi tunachungulia."

Bonifasia akaweka ungo chini. "Kwa hiyo siku zote ukinisomea ulikuwa unachungulia?"

"Nilikuwa nachungulia, Mama."

"Na mimi nikidhani umezishika."

Niyonsaba hakuzaliwa na Bonifasia. Aliingia Murusagamba mwaka wa tisini na tatu, watu walipovuka kutoka Burundi, mtoto wa kushikwa mkono, na aliyemshika mkono hakuonekana tena. Akakulia kwao pamoja na mtoto wao Privatus, akamwita Celestini baba. Alipokuwa msichana mkubwa mjomba wake akapatikana Lukole, na huyo mjomba akapata nafasi ya kupelekwa Kanada, yeye na watu wake. Alikuja bwana mmoja wa kuhamisha wakimbizi, na kofia yake, akauliza wenye nyumba wanasemaje. Celestini akasema, "Aende." Bonifasia akasema kama mumewe.

Kutoka huko alikuwa akiandika kwa anwani aliyopewa Celestini na shirika, maana Murusagamba hapakuwa na posta, na simu ukipanda kilimani ilinasa mtandao wa Burundi tu. Jumamosi Domisiana aliwaita wote wawili, akawasomea. Habari za baridi. Habari za hospitali anayofanyia usafi. Ndizi za kule zimebandikwa karatasi kama chupa za dawa, na ukizipika zinakuwa uji. Halafu, miaka miwili iliyopita, ikaja barua fupi. Domisiana aliisoma kwa sauti kama zile nyingine, alipofika mwisho sauti ikapungua. *Baba, siku ile yule bwana alipouliza, wewe ulitaka niende?*

Celestini alisema, "Nitamjibu kesho," akachukua spana zake akatoka. Hajajibu mpaka leo. Niyonsaba naye hakuandika tena.

Bonifasia aliifikiria barua ile. Anwani ikifungwa, huyo mtoto siku akitaka kuandika ataandika wapi? Akiandika itarudi? Ataambiwa wamekufa? Lakini hayo hakuyasema, aliona ni makubwa kuyasemea jikoni.

Akauliza tu, "Hizo za zamani zinaweza kutolewa huko zikaja huku?"

"Zinashushwa. Kuna namna, zinashuka kwenye kompyuta, halafu tunazihamishia kwenye flashi. Lakini flashi unainunua wewe, za ofisi zimehesabiwa. Pale stendi kwa muuza simu zipo."

Jioni hiyo kuku mmoja alifunguliwa kamba, akaenda stendi. Hakurudi.

*

Celestini alipoonyeshwa flashi aliigeuzageuza kwenye kiganja. Vidole vyake vilikuwa vimeingia grisi miaka mingi hata sabuni haikuitoa.

"Kakidude haka ndiyo kuku?"

"Ndiyo kuku."

"Barua tumekwisha kuzisoma, Mama Priva. Tulicheka, tukalia, tukaenda kulala. Kuzibeba tena mpaka Murusagamba za nini? Huko hata umeme hakuna. Utaisomaje, utaiweka sikioni?"

"Parokiani kuna kompyuta. Padri ana jenereta."

"Padri aache misa akusomee habari za theluji!"

"Na wewe zile spana zilizoisha meno ulizozijaza kwenye gunia, hata mguu wa kitanda hazikazi, za nini?"

Celestini akaliangalia gunia lake. Gunia lilikuwa pale pale mlangoni, limefungwa kwa waya, zito kuliko mizigo yote ya nyumba.

"Zile ni vifaa," akasema baadaye.

"Na hizi ni vifaa."

Akarudisha flashi mezani, akaisukuma kwa kidole kimoja kuelekea kwa mkewe. "Ijumaa nitakwenda na wewe. Lakini mimi nitakaa nje."

"Anwani ina jina lako, utakaaje nje?"

Celestini akaomba chakula.

*

Ijumaa mchana walikwenda, Celestini amevaa shati la kanisani, Bonifasia amejifunga kitenge kipya na flashi ameifunga pindoni kwa mafundo mawili. Getini alikuwapo Modestus, mlinzi, kijana wa kwao Murusagamba. Kazi ile aliombewa na Celestini mwenyewe.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Fungua."

Modestus hakufungua. Aliangalia viatu vyake. "Mzee, kitambulisho?"

"Kitambulisho si nimekirudisha Jumatatu! Wewe mwenyewe ulikipokea, ukakitia kwenye boksi."

"Ndiyo, Mzee. Nilikipokea." Alijikuna shingo. "Sasa meneja amesema asiye na kitambulisho ni mgeni. Na mgeni anavaa hii."

Akatoa kadi ya plastiki yenye kamba, imeandikwa MGENI kwa herufi kubwa nyekundu. Celestini aliitazama. Geti lile aliwahi kulitengeneza bawaba kwa mikono yake. Tangi lililokuwa nyuma ya Modestus alilipandisha yeye na wenzake kwa kamba, mvua ikinyesha.

"Mimi mgeni?"

"Ni leo tu, Mzee."

"Kesho nitakuwa nani?"

Bonifasia alinyoosha mkono, akaichukua kadi, akamvalisha mumewe shingoni kama anavyovalishwa mtoto wa komunyo. "Imekupendeza," akasema. "Twende." Yeye hakupewa, kadi ilikuwa hiyo moja iliyobaki.

Ndani ofisi ilikuwa imebaki kuta. Palipokuwa na picha, ukuta ulikuwa mweupe zaidi. Maboksi yamepangwa mpaka dirishani. Domisiana aliwakuta barazani, akawanong'oneza kwamba kuna tatizo: mashine yake imekwisha kupakiwa, imekwenda Mwanza asubuhi na gari la mizigo. Iliyobaki ni moja tu, ya meneja.

Meneja aliitwa Kazimili, Msukuma wa Shinyanga, aliyeletwa miezi ile ya mwisho kwa kazi moja tu ya kufunga. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, mwenye peni nyuma ya sikio, na kila alichokitazama alikiona kama kitu kisichowekwa alama bado.

"Barua pepe za ofisi ni mali ya shirika, Mzee wangu," alisema. "Hazitoki bila kibali. Ungeleta ombi wiki iliyopita tungelipeleka makao makuu."

"Wiki iliyopita sikujua zinafungwa," akasema Celestini.

"Tangazo lilitumwa."

"Lilitumwa wapi?"

"Kwenye barua pepe."

Domisiana aligeuka ukutani akakohoa.

Bonifasia alikuwa ametafuta pa kukaa, akaona boksi kubwa, akaketi. Kazimili akashtuka. "Mama, Mama, hilo lina printa!"

"Samahani, baba." Akasimama, akahamia boksi jingine.

"Hilo nalo..." Kazimili akaacha. Akavuta kiti chake mwenyewe, akampa. "Kaa hapa, Mama. Mniambie, hizo ni barua za kazi au za nyumbani?"

"Za mtoto."

"Sasa barua za mtoto zinakaa kwenye anwani ya shirika kwa nini?"

"Kwa sababu shirika ndilo lililokuwa na anwani," akasema Bonifasia. "Sisi hatukuwa nayo."

Kazimili alitoa peni sikioni, akaitazama, akairudisha. Nje fundi wa dishi alikuwa anaegemeza ngazi ukutani.

"Yule akigusa dishi mtandao unakatika," akasema. "Nitamwambia aanze na nyaya za redio. Subilini kidogo, nitoe vitu vyangu mezani."

*

Domisiana aliketi mbele ya mashine ya meneja, akafungua ukurasa, akaandika jina la Celestini. Halafu akageuka.

"Mzee, neno la siri."

"Lipi?"

"Lile la kufungulia. Mashine yangu ilikuwa inalikumbuka yenyewe, sikuwahi kuliandika. Niyonsaba ndiye aliyeliweka, wiki aliyoondoka, alikaa hapa hapa akaandika. Akasema amekuambia wewe."

"Aliniambia. Alisema ni kile tulichompa. Kalamu."

Domisiana akaandika, akabonyeza. Mstari mwekundu ukatokea.

"Imekataa. Na hii ukikosea mara tatu inajifunga, kuifungua ni makao makuu tu."

"Umeandika vizuri?"

"Nimeandika kalamu."

"Kalamu ipi?" aliuliza Bonifasia kutoka kwenye kiti. "Ya kuandikia?"

"Ipo nyingine?"

"Ipo ya kula! Siku ya kumuaga tulimfanyia karamu, tukachinja mbuzi, pombe ya ndizi ikatoka kwa shemeji. Hicho ndicho tulichompa. Karamu."

"Alisema kalamu," akasema Celestini.

"Ndiyo nasema, karamu."

"Na mimi nasema kalamu!"

"Mnasema kitu kimoja au viwili?" aliuliza Domisiana. "Nipeni herufi. L au R?"

Wazee wale wakatazamana. Shuleni wote wawili walichapwa kwa ajili ya herufi hizo, mwalimu mmoja, fimbo moja, na hazikuwahi kutengana masikioni mwao.

Kazimili, aliyekuwa anafunga waya pembeni, akacheka kwa mara ya kwanza tangu wamfahamu. "Nyie watu wa huku! Uchaguzi mnapiga kula, mezani mnakaa kupiga kura."

"Na nyie Wasukuma?" akasema Bonifasia bila kugeuka. "Si wewe uliyetuambia sasa hivi *tusubili*?"

Domisiana akaficha uso kwenye kibodi. Hata Celestini akatabasamu, kadi ya MGENI ikamtikisika kifuani. Kazimili akainua mikono yote miwili. "Nimeshindwa, Mama."

"Weka R," akasema Celestini. "Labda Mama Priva yuko sahihi. Mbuzi yule alikuwa mkubwa."

Domisiana akaandika karamu kwa R, taratibu, akiitaja kila herufi kwa sauti. Akabonyeza. Mstari mwekundu ukarudi.

Sasa hakuna aliyecheka. Domisiana alitoa vidole kwenye kibodi akavificha mapajani, kama anaogopa vitaandika vyenyewe. Imebaki mara moja. Juu ya paa fundi wa dishi alisikika akitembea, bati linalia.

"Tuache," akasema Celestini. "Nilikwambia barua tulikwisha kuzisoma." Lakini alisema huku ameshika meza.

Bonifasia alifungua fundo moja la pindo, akalifunga tena.

"Baba Priva, hilo neno alikuambia wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Jikoni. Mimi nanawa mikono, yeye anamenya ndizi."

"Na jikoni kwetu ni nani anayeongea Kiswahili?"

Celestini akaiachia meza, akamgeukia.

"Usimtafsirie," akasema Bonifasia. "Sema vile vile alivyosema yeye."

Hapo ndipo palipokuwa na kosa, na wa kulifanya ni watu wa huku tu. Mtu akivuka mlango wa ofisi, lugha ya nyumbani anaiacha nje pamoja na jembe. Ofisini ni Kiswahili, mashine nayo ni kitu cha ofisi, basi Celestini tangu aingie alikuwa anafikiri kwa Kiswahili. Sasa alimwangalia meneja, akaangalia chini, akaona haya kama mtoto aliyeambiwa aimbe mbele ya wageni.

"*Ikaramu*," alisema polepole. "Alisema *ikaramu*."

Ndivyo Wahangaza, watu wa Ngara, wanavyoiita, na Warundi vivyo hivyo, kalamu ya kuandikia. Ina I mbele, na R katikati isiyo na ubishi. Bonifasia akafunika mdomo kwa kiganja. Alikumbuka siku ya kwanza ya shule, mtoto amerudi amejaa vumbi na machozi kwa sababu kalamu aliyonunuliwa na Celestini imenyang'anywa njiani, analia *ikaramu yanje, ikaramu yanje*, kalamu yangu, wala hataki kula. Jioni ile ile Celestini alitembea na grisi zake mikononi mpaka nyumba ya mnyang'anyi, akairudisha, akamwekea mkononi. Halafu akaenda kuoga.

"Anza na I," Bonifasia akamwambia Domisiana. "Andika kama unavyosikia."

Domisiana akajifanyia ishara ya msalaba, akaandika, akabonyeza.

Ukurasa ukafunguka.

*

Barua zilishuka moja moja. Domisiana aliwaonyesha mstari wa kijani unaojaa, kama maji yanavyopanda kwenye chupa, akawasomea vichwa vyake zikipita. *Theluji. Nimepata kazi. Mwambie Mama maharage ya huku hayaivi. Krismasi. Priva ameoa?* Bonifasia alikuwa anaitikia kila moja kwa kichwa, kama mtu anayewapokea watoto wakishuka kwenye gari, asije akasahaulika mmoja.

Zilipokwisha, alifungua pindo, akatoa flashi. Domisiana akaichomeka. Haikuchukua muda. Akaichomoa, akaiweka mkononi mwa Celestini.

"Zimo zote?"

"Zote, Mzee. Hata makao makuu wakifunga, hizi ni zenu."

Celestini aliipima kwenye kiganja. "Mbona haijaongezeka uzito?"

"Ndiyo zilivyo."

Akampa mkewe. Bonifasia akaifunga pindoni, mafundo mawili, akaongeza la tatu. Mlangoni Kazimili alikuwa amesimama na fundi wa dishi, bisibisi mkononi.

"Tayari?" aliuliza Kazimili. "Huyu amemaliza nyaya, amebakiza dishi."

"Tayari," akasema Domisiana, akasogeza mkono kufunga.

"Bado," akasema Bonifasia.

Wote wakamgeukia. Alikuwa hajainuka kwenye kiti cha meneja, na ilionekana hana nia ya kuinuka.

"Mimi sikuja kuchukua tu. Zile za zamani nimezipata, nashukuru. Lakini huyo mtoto hajui tunahama. Akiandika kesho, ataandikia ukuta. Dada Domi, mwandikie. Mpe anwani ya parokia, mpe na namba ya simu ya Priva, yeye yuko Bisibo ambako mtandao unashika. Mwambie akipiga, Priva ataniletea habari hata kwa baiskeli."

Domisiana aliandika haraka. Fundi wa dishi akaegemea mlango, akatoa karanga mfukoni, akaanza kula. Kazimili akamwacha ale.

"Nimemaliza, Mama. Anwani, namba, na kwamba tuko salama. Nitume?"

Bonifasia akageuka. Alimtazama mumewe. Hakumhimiza, wala hakumkonyeza, alimtazama tu kama anavyotazama sufuria ambayo haijachemka.

Celestini alikohoa. "Ile ya mwisho," akasema. "Ile fupi. Bado imo?"

"Imo, Mzee."

"Ifungue. Unaweza kumjibu kwa hiyo hiyo?"

"Naweza. Maneno yake yatakaa chini, yetu juu."

Akaifungua. Hakuisoma kwa sauti, hapakuwa na haja.

Celestini akanyoosha shati, akasimama wima, akaanza kwa sauti aliyoizoea mikutanoni: "Andika. Ndugu Niyonsaba. Yahusu, kufungwa kwa anwani. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Napenda kukuarifu..."

"Baba Priva," akasema Bonifasia, "unamwandikia mkurugenzi?"

"Sasa barua inaanzaje?"

"Kama jikoni."

Celestini alivuta ile kamba ya shingoni, akavua kadi ya MGENI, akaiweka mezani karibu na kibodi. Aliinama sikioni kwa Domisiana kana kwamba wengine hawapo, akaanza kuongea Kihangaza, na Domisiana, Msubi wa Biharamulo aliyeishi Ngara miaka ya kutosha kumwelewa, akawa anaandika kama anavyosikia, bila kuuliza L wala R.

"Mwanangu. Uliniuliza na mimi nikanyamaza. Yule bwana mwenye kofia alipouliza, nilisema uende, kwa sababu niliona ndivyo anavyosema baba mwenye akili. Mama yako alinifuata mimi, usimlaumu."

Domisiana akasubiri, vidole juu ya herufi.

"Andika tena hivi. Mimi sikutaka uende. Nilitaka ubaki nyumbani."